Ruta ya Antena Nane, Simu ya Masikio Mawili

Kuna imani iliyokita mizizi kutoka mjini Garissa, kupitia Dadaab, hadi Liboi karibu na mpaka wa Somalia, kwamba ubora wa ruta hujulikana kwa kuhesabu antena zake. Ya antena mbili ni ya mwanafunzi. Ya antena nne ni ya mtu aliyeoa. Ile ya antena nane, nyeusi, yenye taa zinazopepesa usiku kucha, ni ya mwenye duka la jumla asiyependa kuulizwa ana ngamia wangapi. Huwekwa juu ya kabati, chini kidogo ya paa la mabati, na antena zote nane huelekezwa chumba cha kulala aliko mwenye nyumba na simu yake. Mtandao ukilala, kijana hutumwa apande kiti azigeuze. Ukiendelea kulala, hutafutwa foili ya jikoni zivishwe. Ukikaidi hata hapo, lawama huiangukia kampuni ya simu, kisha serikali ya kaunti, kisha mgeni aliyeingia jana na kuuliza, “Warya, paswadi ni gani?” kabla hata hajapokea chai. Antena zenyewe hazilaumiwi kamwe, maana ni nane, na wanane hawawezi kukosea. Mimi nasema lawama zianzie hapo hapo kwenye hesabu. Antena nyingi hazikuwekwa ili ruta ipige kelele zaidi. Ziliwekwa hasa ili isikie vizuri na ichambue inachokisikia. Tena mazungumzo ya ruta na simu huenda kwa kadiri ya yule mwenye antena chache, naye karibu kila mara ni simu.

Tuanze na jambo ambalo wazee wa huku walilijua kabla waifai haijazaliwa. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957, na kwa miongo mingi ilisikika kwa masafa mafupi. Redio ikiwa mkekani jioni, sauti ya mtangazaji huja kubwa, hufifia hadi ikawa mnong’ono, kisha hurudi. Kwa desturi hufifia pale hasa anapotaja jina la waziri aliyefutwa kazi. Lawama zilitupiwa betri, na betri zikachemshwa juani bila kosa. Kumbe wimbi lilikuwa limefika kwa njia zaidi ya moja, likigonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini, na safari hizo hazikuwa na urefu sawa. Mawimbi yakikutana kilele kwa kilele hujumlika. Yakikutana kilele kwa bonde hufutana. Mwaka 1931, Beverage na Peterson, wahandisi wa kampuni ya RCA huko Marekani, walieleza dawa waliyoitumia katika simu za upepo za kuvuka bahari: antena tatu zilizotenganishwa kwa mamia ya mita, zote zikisikiliza kituo kimoja. Ishara ilipofifia kwenye moja, nyingine ilikuwa bado inasikia. Upande wa kurusha hakuna aliyeongeza hata wati moja.

Ndani ya duka la mabati mambo ni yale yale, ila vipimo vimekunjwa. Wimbi la ruta hugonga paa, mlango wa chuma, friji ya soda na mizani ya sukari, kisha vipande vyote hukutana tena mahali ambapo hakuna aliyepanga. Kwa masafa ya gigahezi 2.4, urefu wa wimbi ni kama sentimita 12 na nusu, na kutoka penye mawimbi yaliyojumlika hadi penye shimo panaweza kuwa na sentimita tatu tu. Mtu aliyejilaza mkekani, video imeganda, akisogeza simu upana wa vidole viwili nayo video ikaendelea, hana haja ya kusema bismillahi kwa sauti kubwa vile. Ametoka shimoni tu. Sasa ipe simu hiyo antena mbili, moja karibu na ukingo wa juu na nyingine karibu na wa chini. Ni nadra zote mbili ziangukie mashimo kwa wakati mmoja, na simu huchukua ile inayosikia vyema au huunganisha kidogo cha hii na kidogo cha ile. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya antena ya pili. Simu ya leo inazo kadhaa, kwa netiweki ya kampuni na kwa waifai, ila zimefichwa kwenye fremu, ndiyo maana hakuna anayezihesabu wala kujigamba nazo. Mwaka 2010 Apple ilitoa iPhone 4 ambayo chuma cha ukingoni ndicho kilichokuwa antena, na ukiifumbata kwenye kona ya chini kushoto netiweki ilishuka. Steve Jobs alishauri watu wasiishike hivyo. Baadaye kampuni iligawa vifuniko bure, ishara kwamba ushauri ule haukupokewa vizuri.

Kazi ya pili ndiyo iliyowapa wauzaji kisingizio cha kuotesha antena kama miiba ya nungunungu. Ruta yenye antena mbili inaweza kurusha habari mbili tofauti, kwa masafa yale yale na kwa sekunde ile ile. Kwa akili ya kawaida hilo ni vurugu. Lakini antena mbili za simu, kwa kuwa haziko mahali pamoja, kila moja hupokea mchanganyiko wake: hapa habari ya kwanza imezidi kidogo, pale ya pili imezidi. Hapo ni hesabu ile ya x na y iliyotutesa shuleni, visivyojulikana viwili na milinganyo miwili, na chipu ya simu huifanya mara nyingi mno kwa sekunde bila kuombwa ionyeshe njia. Arogyaswami Paulraj, aliyekuwa afisa wa jeshi la wanamaji la India kabla ya kwenda Stanford, pamoja na Thomas Kailath, walipewa hataza ya wazo la aina hiyo mwaka 1994. Gerard Foschini wa Bell Labs akachapisha hesabu zake mwaka 1996. Mwaka 2009 kiwango cha 802.11n kililiingiza rasmi kwenye waifai, mikondo, yaani habari tofauti zinazorushwa kwa pamoja, hadi minne, na kiwango kilichofuata mwaka 2013 kikaruhusu hadi minane. Ila sharti halikubadilika: milinganyo isipungue visivyojulikana. Ruta ikiwa na antena nane na simu ikiwa na mbili, simu hiyo hupata mikondo miwili, basi. Simu ya bei nafuu, ambayo mara nyingi ina antena moja tu ya waifai, hupata mmoja. Hata mwenye ruta akanunue nyingine ya antena kumi na sita, mkondo ni ule ule mmoja.

Muuzaji atajibu kwamba boksi linasema vingine, na boksi linastahili kusomwa polepole. Chukua lililoandikwa AC1200, aina iliyozagaa sana. Mnunuzi huelewa kwamba atapata megabiti 1,200 kwa sekunde. Namba hiyo imepatikana hivi: kwenye gigahezi 2.4 ruta ina mikondo miwili, jumla 300. Kwenye gigahezi 5 ina mikondo miwili, jumla 867. Zijumlishe upate 1,167, kisha mtu wa mauzo akaona 33 zilizopungua si kitu kati ya marafiki. Simu ya zama za ruta hiyo hutumia ama masafa haya ama yale, haitumii yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo ile jumla haimfikii mtu yeyote duniani. Na kama ruta hiyo ina antena nne, usishangae kukuta mbili ni za 2.4 na mbili ni za 5. Aliyehesabu nne alihesabu jozi mbili ambazo hazisaidiani. Shuka sasa kwenye simu ya antena moja inayojua 2.4 peke yake, kwa upana wa kawaida wa chaneli: kikomo chake cha kwenye karatasi ni 72. Toa muda wa kusubiriana, kuitana na kurudia vilivyopotea, kibaki kama nusu. Yaani boksi limeandikwa 1,200 na mkononi kuna thelathini na kitu, wala hakuna kilichoharibika. Kisha kumbuka bando lililonunuliwa huenda ni la megabiti 10.

Kuhusu kuzielekeza antena, naona hapa ndipo penye kichekesho kikubwa, kwa sababu mtu hujitahidi na juhudi yake ndiyo inayomwangusha. Antena ya kijiti, ile ya kawaida, hurusha kwa nguvu kando kando ya mwili wake na hurusha kidogo mno kupitia nchani. Anayeilaza ili ncha imtazame aliyeko chumbani amempa upande ulio dhaifu kuliko zote, na akizielekeza nane zote namna hiyo amefanya kosa moja mara nane. Kusimama wima kunatosha kwa nyumba ya chini isiyo na ghorofa. Ukitaka ujanja, simamisha moja na ulaze nyingine, kwa kuwa simu mkononi haikai wima. Mara imelala na mwenyewe, mara imeegemezwa kwenye thamosi ya chai. Foili nayo haina nia mbaya, ila ni kioo. Itarudisha mawimbi upande mmoja na kuunyima upande wa pili, na ikiizunguka antena yote imeitia kifungoni. Na lile kabati karibu na mabati? Liboi ni miongoni mwa sehemu zenye joto kali zaidi nchini Kenya, na vijitabu vya ruta nyingi za nyumbani huandika nyuzi 40 kuwa mwisho wa joto linalokubalika. Saa nane mchana, chini ya bati, kikomo hicho kimeshapitwa. Kifaa kinachozimika adhuhuri na kupona magharibi hakijarogwa na jirani.

Kuna adui mwingine asiyetiliwa shaka kwa sababu anaheshimiwa, na huyo ni maji. Maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4 vizuri sana, na ya 5 zaidi. Katika mji ambao maji ni mali ya kulindwa, jerikeni za lita 20 hupangwa ndani, safu juu ya safu, mara nyingi kwenye kona ile ile palipo na soketi na, kwa hiyo, palipo na ruta. Jerikeni sita zilizojaa ni ukuta. Uzuri wake ni kwamba waifai huwa mbaya siku boza la maji linapokuja na hupona kadiri familia inavyokunywa, na bado watu hutafuta sababu kwenye hali ya hewa. Mwili wa binadamu nao sehemu kubwa ni maji. Abti, yaani mjomba, akija na kuketi kati ya ruta na kompyuta ya mwenyeji, hakuna antena itakayomwambia ajisogeze, na mwenyeji mwenye adabu hatamwambia pia.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la mtu anayesema: maneno yote hayo sawa, lakini jirani alitupa ruta ya antena mbili akanunua ya nane, na sasa anashika waifai hadi kwenye zizi la mbuzi. Namsadiki. Ila ruta mpya huja na chipu mpya na vipokezi vinavyosikia zaidi, na huenda wakati wa kuifunga jerikeni zilisogezwa. Hata hivyo sikatai kwamba antena zenyewe zimechangia. Nakataa maelezo ya namna zilivyochangia. Ruta inaweza kurusha kitu kimoja kupitia antena kadhaa, ikichelewesha hii kidogo na ile kidogo ili mawimbi yafike kwa simu kilele kwa kilele. Kwa jumla ile ile ya nguvu, antena nne zikipatana hivyo humpelekea msikilizaji hadi mara nne ya ambavyo antena moja ingempelekea. Lakini hiyo ni nusu ya mazungumzo. Simu ina betri ya kuhurumia, sauti yake ni ndogo, na ukurasa haufunguki mpaka ruta ikubali kwamba imesikia ombi. Baadhi ya watu wenye alama za waifai na ukurasa usiofunguka wako kwenye hali hii: wanaisikia ruta, ruta haiwasikii. Hapo zizini, zile antena zikikusanya vipande vya mnong’ono wa simu na kuviunganisha kuwa neno moja ndizo zinazomwokoa jirani. Anachojivunia kama mdomo mkubwa ni masikio.

Mwingine atasema antena nane zina maana kwenye hoteli, watu wamejaa usiku wa mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, kila mmoja na simu yake. Kweli, hapo ruta ya kisasa inaweza kugawa antena zake, mkondo huu kwa huyu na ule kwa yule, papo hapo, mradi simu nazo ziwe za kizazi kinachoelewa mpango huo. Tatizo ni tabia ya wateja. Wakishajua ruta iko wapi, wote huhamia chini yake na kubanana kwenye benchi moja, na kadiri simu zinavyokaa pamoja ndivyo inavyokuwa vigumu kwa ruta kutofautisha njia ya hii na ya ile. Waliofuata netiweki wameifanyia msongamano, na aliyebaki pembeni na chai yake anatazama bao kabla yao.

Sasa mabati, ambayo kila fundi wa huku huyataja akikosa la kusema. Hukumu yao nadhani imekosewa nusu. Ile hesabu ya x na y inahitaji milinganyo iwe tofauti, na kinachoitofautisha ni mawimbi kugonga huku na huku. Kwenye uwanda wa Liboi, tambarare, vichaka vya miiba na upeo wa macho usio na kilima, antena moja ikiitazama nyingine kutoka paa hadi paa, wimbi huenda moja kwa moja na antena zote mbili za mpokeaji husikia karibu kitu kile kile. Mlinganyo mmoja umeandikwa mara mbili. Mwanafunzi yeyote anajua hapo x haipatikani. Ndiyo maana vifaa vya kuunganisha paa kwa paa hutegemea mbinu nyingine, wimbi moja likitikisika wima na la pili kwa ulalo, na kwa njia hiyo mikondo ni miwili. Mkondo wa tatu na wa nne hauna mahali pa kupachikwa. Ndani ya duka la bati, kwa upande mwingine, kila ukuta ni mwangwi, na mwangwi ndio chakula cha antena nyingi. Kilichoitwa ugonjwa wakati wa masafa mafupi kimegeuka mtaji. Kwa hiyo mabati yanayokuzunguka wewe na ruta yako kwa pamoja ni marafiki. Yanayokutenga nayo ni mahabusu, na hayo hakuna idadi ya antena inayoyatoboa.

Kuna atakayeniuliza kwa nini nahangaika na vijiti vya ndani ilhali shida ya mpakani ni kuufikisha mtandao mlangoni. Ana haki. Milingoti ya simu katika Kaunti ya Garissa imewahi kulipuliwa na al-Shabaab zaidi ya mara moja, na mlingoti ukianguka ruta hubaki ikigawa kwa ukarimu kitu isichokuwa nacho: alama kamili za waifai, intaneti hakuna. Lakini swali hilo lenyewe linanirudisha kwenye antena. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, na sahani yake, kile kibao cheupe bapa, ndiyo mkusanyiko mkubwa wa antena ambao mtu wa kawaida anaweza kuununua: katika matoleo ya kwanza zilikuwa zaidi ya elfu moja, ndogo ndogo, zimepangwa chini ya plastiki. Hakuna hata moja inayoonekana. Hazielekezwi kwa mkono. Kila moja hucheleweshwa kwa kipimo chake hadi zote zisikilize setilaiti moja inayopita mbio, kisha zihamie nyingine. Uwanda usio na mlima wala ghorofa, ambao haukuifaa ile hesabu ya x na y, hapa ni neema, kwa kuwa mbingu yote iko wazi. Hapo idadi ya antena ina maana kubwa, kwa kuwa kila moja ina kazi na zote zinapatana. Na bado ukikiweka kibao hicho sokoni kando ya ruta ya antena nane, najua mnunuzi ataanza kuhesabu kipi.

Fedha za ruta ya antena nane zinatosha kufanya jambo lisilopendeza macho. Nunua mbili, kila moja ya antena mbili mbili, na waya mrefu wa kuziunganisha. Moja ikae dukani, kwenye kimo cha kifua cha mtu mzima, mbali na jerikeni. Nyingine ikae nyumba ya nyuma, ng’ambo ya lile bati, iwe chumba kimoja na simu zinazoitumia. Jumla ya antena ni nne tu, lakini mbili ziko upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo zile nane za kabatini, hata zikigeuzwa hadi zivunjike shingo, hazitafika.